Ubeti Kwenye Kola

Kikapu kilikuwa kitupu. Kifungo, mtoto wa fundi, alikiinua, akakitikisa, akakipindua chini juu, utadhani daftari zima la kurasa tisini na sita linaweza kujibanza kwenye ukindu. Hakuna kitu. Mabaki ya vitambaa hayapo, nyuzi hazipo, daftari ndiyo kabisa.

"Unatafuta nini huko chini, mjukuu?" akauliza Babu Miwani kutoka mezani kwake, bila kuinua macho kwenye pindo la suruali alilokuwa akilishona.

"Hakuna."

"Huyo Hakuna umemtafuta sana leo."

Kifungo hakucheka. Nani angecheka? Kikapu hicho kilikaa chini ya cherehani ya mama yake, pembeni mwa dirisha, katika duka la ushonaji lililokuwa la mafundi watatu na sasa limebaki na wawili: baba yake, na Babu Miwani, ambaye hakuwa babu wa mtu yeyote pale, ila miwani yake ilikuwa mizee kumliko yeye mwenyewe. Mama alifariki miezi minne iliyopita. Tangu siku ile hakuna aliyekalia kiti chake, hakuna aliyefungua droo yake, wala hakuna aliyegusa kikapu. Kifungo, mtoto wa miaka kumi, akili zake si haba, akaona kwamba mahali pasipoguswa ndipo pa kufichia. Akalizamisha daftari chini kabisa, chini ya mabaki.

Alisahau jambo moja tu, tena la nyumbani kwao kabisa. Kikapu kile kile ndicho alichotumbukizia madaftari yake ya shule yakiisha, tangu darasa la kwanza. Katika duka lile karatasi haitupwi. Karatasi ikishaandikwa ni mali ya mkasi: kurasa nne zikigandishwa kwa uji wa unga wa ngano zinatoa mkono wa shati, mbili zinatoa mfuko, moja na nusu inatosha kola. Unailaza juu ya kitambaa, unaizungushia chaki, unakata. Ikimaliza kazi inatundikwa msumarini, ingoje mteja mwingine wa kipimo kile. Nusu ya hesabu za Kifungo za darasa la pili zilining'inia ukutani, na makosa yake yote, na Babu Miwani hakuacha kumkumbusha kwamba kuna mzee amekatiwa suruali kwa saba mara nane ni hamsini na nne, ndiyo maana inambana.

Kifungo akageuza uso polepole kuelekea ukuta wa misumari. Karatasi mpya, nyeupe. Mkono wa shati. Kalamu ya bluu. Mwandiko wake.

"Shangazi yako anakuja Jumamosi," Baba akasema kutoka meza ya kukatia. Alisema kwa pembe ya mdomo kwa sababu mdomo ulikuwa na pini. Zamani pini zilikaa mdomoni wakati wa kukunja pindo tu. Siku hizi zilikaa humo toka asubuhi mpaka jioni, na mtu mwenye pini mdomoni humuulizi mambo mengi. "Nimesafisha pale. Hata karatasi tumepata."

Jamani!

Baba hakuwa amesoma, hilo aliliona usoni pake. Miaka ishirini Baba amekata karatasi, na machoni pake karatasi ni umbo tu; ungemwandikia hati ya kunyongwa kwake mwenyewe angeona mkono wa kushoto. Lakini Babu Miwani! Huyo alisoma kila kilichofika mezani kwake, tena kwa sauti, kama mtangazaji wa redio. Akikatia gazeti la zamani, duka zima lilisikia kwamba waziri fulani ameahidi barabara kisha ameishia kwapani. Wateja walikuwa wakimchekea. Kifungo naye alikuwa akimchekea, zamani.

Sasa niwaambie daftari lile lilikuwa na nini, msije mkadhani mtoto huyu anatetemekea hesabu.

Baada ya msiba Kifungo aliacha kusema. Bubu hakuwa, salamu aliitikia, ndiyo na hapana alizijua. Mengine yote yalimkwama kooni. Mwalimu wake wa Kiswahili, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alimwita pembeni siku moja, akamsemesha kwa sauti ndogo ambayo hakuna mwanafunzi aliyejua kwamba anayo. Akampa daftari jipya.

"Lisilosemeka liandike," alimwambia. "Ila usiliandike hivi hivi, litakutisha. Litie mizani. Nane huku, nane huku, unahesabu kwa vidole. Hofu haijui kuhesabu, mwanangu. Wewe ukihesabu unaiacha nyuma."

Na kweli bwana, iliachwa. Kifungo aliandika ubeti wa mguu wa Mama kwenye pedali. Akaandika wa harufu ya pasi. Akaandika jinsi Mama alivyomwita Kifungo kwa sababu alizaliwa kadogo, kakaonekana kama kitu cha kudondoka kwenye shati. Beti zilifuatana, mmoja ukiuita mwenzake, mpaka zikawa hadithi nzima, na usiku ambao ameandika ubeti alilala bila kushtuka. Zilifika thelathini na moja. Thelathini kati ya hizo angeweza kumsomea mtu yeyote.

Ule wa kumi na saba, hapana.

Siku ile alirudi kutoka shule akamkuta Mama nyumbani, amekaa sakafuni, mgongo ukutani, pumu imemkaba, dawa yake ya kuvuta imekwisha. "Kimbia kamwite baba yako," Mama alisema, na ilimchukua muda mrefu kuyasema maneno hayo manne. Kifungo akakimbia. Kona ya pili wenzake walikuwa wakiruka kamba. Wimbo wao wa kuhesabu ulikuwa umefika tano. Ulikuwa unaishia kumi na mbili. Miguu yake ikasimama. Mpaka leo hajui kwa nini. Alisimama, akasubiri wimbo uishe, aone nani atanaswa na kamba, ndipo akaendelea kukimbia. Waliporudi yeye na Baba, Mama alikuwa kimya.

Hakuna aliyejua. Watu walimpa pole, wakampapasa kichwa, wakamwambia alikimbia vizuri. Alikimbia vizuri! Tangu hapo alikwenda shule kwa njia ya kuzunguka ili asiione kona ile, na akisikia watoto wanahesabu popote, alijiziba masikio.

Halafu wiki iliyopita akamsikia Baba kwenye simu, amempa mgongo, anamwambia Shangazi: "Njoo Jumamosi tuzungumze habari za mtoto. Mimi naona imenishinda." Imenishinda. Kwa hiyo Baba anataka kumtoa nyumbani, na bado hajajua. Je, akijua?

Basi alasiri ile Kifungo akawa mwizi katika duka la baba yake. Baba alipotoka mlangoni kumpima mteja mabega, akauchomoa mkono wa kushoto msumarini. Macho yakaruka juu ya karatasi: mguu wa pedali, harufu ya pasi, na pale juu ya ukurasa wa tatu, mistari miwili ya mwisho ya ubeti wa kumi na saba. Miwili! Ubeti ulikuwa umeanzia chini ya ukurasa wa kabla yake. Mistari miwili ya kwanza, yenyewe hasa, ilikuwa kwenye karatasi nyingine. Akaukunja mkono, akauingiza ndani ya sweta. Akatafuta mfukoni, yaani kwenye karatasi ya mfuko. Si hapo. Mkono wa kulia, si hapo.

"Mjukuu, nipe ile kola hapo."

Ilikuwa mbele yake, pembezoni mwa meza. Aliiona na mwandiko wake juu, umejipinda kufuata shingo. Angeweza kuikunja. Angeweza kuitafuna. Lakini mkono wa Babu Miwani ulikuwa umeshanyooshwa, na kidole gumba kimeshaishika.

"Siyo hiyo, Babu," akasema. "Hiyo mbovu."

"Mbovu vipi? Kwanza leo umesema maneno matano kwa mpigo, mvua itanyesha." Akaisogeza kwenye miwani. "Haya, taarifa ya habari. 'Mama aliponituma, kimbia baba kamwite.' Ala! Shairi! 'Njiani nilisimama, wimbo wa kamba...'"

Akanyamaza. Cherehani ya Baba, ambaye alikuwa amerudi kukaa, nayo ikanyamaza. Katika duka lile cherehani ikinyamaza katikati ya mshono ni ajabu. Mshono huachwa kwa moto au kwa kifo.

Babu Miwani alivua miwani yake akaifuta kwa shati, na haikuwa na vumbi. "Imekatwa," akasema taratibu. "Imeishia shingoni."

"Lete," akasema Baba.

Aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma polepole, midomo imezifunga pini. Kifungo alikuwa amekwama kati ya meza na ukuta, mikono imekumbatia sweta, na mkono wa karatasi ukimkwaruza tumbo. Alisubiri kelele. Alisubiri kofi, ingawa Baba hakuwahi kumpiga. Baba akaikunja kola mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akaketi, akaendelea kushona. Ndiyo hivyo tu.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na walikuwa wanamzungumzia Baba huyu. Jioni walikula bila neno. Ijumaa asubuhi bila neno. Ijumaa jioni Baba alirudi dukani peke yake baada ya chakula, akakaa huko mpaka Kifungo akasinzia, na alipopita mlangoni mwake kurudi kulala, alisimama hapo. Kifungo alibana pumzi chini ya shuka. Aliona kivuli cha miguu yake chini ya mlango. Kilikaa, kikakaa, kikaondoka. Akajisemea: anashindwa hata kuniangalia.

Alijaribu kuandika ubeti juu ya karatasi yoyote, mgongo wa risiti, kitu chochote. Vidole vilikataa kuhesabu. Kila akifika tano, aliusikia wimbo wa kamba.

Jumamosi kulipokucha alipanga mkoba wake mwenyewe. Nguo tatu, mswaki, viatu vya shule. Hakutaka kungoja aambiwe aondoke, alitaka wamkute yuko tayari. Ule mkono wa karatasi akaulaza juu kabisa, akafunga zipu, akaubeba mkoba mpaka dukani, akauweka nje ya mlango, akakaa kando yake kama abiria.

"Kifungo." Sauti ya Baba, kutoka ndani ya duka. "Njoo huku. Shangazi yako hajafika bado."

Akaingia na mkoba wake mgongoni.

Meza ya kukatia ilikuwa imeondolewa kila kitu. Juu yake zilikuwa zimelazwa karatasi zake, zote, kola na mifuko na mgongo na mkono wa kulia na vipande vidogo vidogo vilivyokuwa vimeshaanguka sakafuni. Baba alikuwa amezipanga upya ukurasa kwa ukurasa, akalinganisha kingo zilizokatwa kama fundi anavyolinganisha mistari ya kitambaa, akaziunga kwa pini. Pini zote za duka zilikuwa pale. Na mdomo wa Baba ulikuwa mtupu. Kifungo alisahau kwamba alikuwa na midomo ya namna ile, mipana, yenye kovu dogo upande mmoja.

"Nimekukatia kazi yako," Baba akasema. "Nisamehe. Sikusoma. Mimi nina ugonjwa wa kutosoma." Akapitisha kiganja juu ya karatasi. "Zote zipo isipokuwa mkono wa kushoto. Ubeti wa kumi na saba umenipungukia mistari miwili."

Kifungo alitazama mlango. Kisha akavua mkoba, akafungua zipu, akautoa mkono wa kushoto. Baba aliuona mkoba. Aliona nguo zilivyokunjwa vizuri, na viatu, na mswaki. Uso ukambadilika, lakini akaupokea mkono kwanza, akautia mahali pake, akaupiga pini. Ndipo akausoma ubeti wote kwa sauti.

*Mama aliponituma, kimbia baba kamwite,*
*Njiani nilisimama, wimbo wa kamba upite,*
*Nilipofika kwa mama, nikakuta kimya chote,*
*Ndani siri inauma, asiijue yeyote.*

"Mpaka kumi na mbili," Kifungo akasema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Ulikuwa tano. Nikasubiri mpaka kumi na mbili, Baba. Ningekimbia angekuwepo." Na akafumba macho, kwa sababu sasa limesemwa, na lolote litakalokuja na lije.

Hakuna kilichokuja. Alisikia droo inafunguliwa. Alipofumbua macho, Baba alikuwa amekunjua karatasi ya kaki, ile ya kufungia sare, na juu yake maandishi ya chaki ya fundi, yamefutwa yakaandikwa, yamefutwa yakaandikwa tena.

"Shule walitufundisha kwamba shairi likiletwa linajibiwa, na unajibu kwa vina vile vile," akasema. "Siku mbili nimehangaika nalo. Suti ya vipande vitatu ni rahisi kuliko hili. Soma."

Kifungo akasoma.

*Asubuhi alisema, kifua chabana chote,*
*Nikajibu, Shona mama, sare tumalize zote,*
*Si wewe uliyekwama, lawama mimi nipate,*

Akarudia mstari wa kwanza. Asubuhi.

"Aliniambia saa moja asubuhi, tumekaa hapa hapa," Baba akasema. "Ningemshika mkono tukaenda. Nikamwambia tumalize sare kwanza. Akashona mpaka saa sita, akaenda nyumbani mwenyewe kwa miguu." Alikuwa anasema haraka, kama mtu anayeogopa pini zitarudi. "Kule hospitali muuguzi aliniuliza hali ile ilianza saa ngapi. Nikamwambia asubuhi. Akaniangalia, akaandika. Hakuuliza habari za kamba, mwanangu. Hakuna aliyeuliza habari za kamba. Aliuliza asubuhi."

"Ulisema nimekushinda," Kifungo akasema. "Kwenye simu."

"Wewe?" Baba alishika kichwa. "Kukaa kimya na wewe ndiko kulikonishinda! Nilitaka kumuuliza dada yangu mtoto asiyesema anasemeshwaje. Na mimi siku zote nakuangalia najiambia, huyu anajua. Alimsikia mama yake akikohoa asubuhi ile, anajua baba yake alifanya nini, ndiyo maana hanisemeshi. Kila ukinitazama nilikuwa natia pini mdomoni."

Kumbe! Miezi minne, nyumba moja, sahani moja, kila mmoja anamwogopa mwenzake. Mimi ningewachapa wote wawili, kisha ningewakumbatia.

"Mstari wa nne hauko," Kifungo akasema.

"Umenishinda." Baba akamkabidhi chaki. "Nisaidie."

"Hodi wenyewe!" Shangazi alikuwa ameshafika mlangoni, na sauti yake na vifurushi vyake. "Mbona kumefungwa? Kaka! Watu wamelala?"

"Subiri kidogo, dada," Baba akaitikia, na hakuondoa macho kwenye karatasi. "Tunamalizia."

Kifungo alivuta kiti kilichokuwa karibu, akakalia. Kilikuwa kiti cha Mama; alijua, na Baba alijua, na hakuna aliyesema kitu. Akaweka mkono wake mwenyewe wa kushoto juu ya meza, akaanza kuhesabu kwa vidole. Moja, mbili, tatu. Tano ilipofika, wimbo wa kamba ukaja. Aliogopa, nisiwadanganye, chaki ilimtetemeka. Lakini akahesabu sita. Akahesabu saba. Akafika nane, akaanza tena upande wa pili. Akaandika, na Baba akasoma nyuma ya bega lake, neno moja moja, mpaka sauti ikamkatika:

*Baba, tumwambie Mama, samahani yetu sote.*

Shangazi alipochoka kusubiri akausukuma mlango mwenyewe. Aliwakuta wamekaa kwenye kiti kimoja, chaki usoni, pini kila mahali, wanalia kwa sauti kama watu ambao msiba umewafikia leo. Akatua vifurushi chini. Akautazama ule mkoba uliofunguliwa.

"Jamani, nani anasafiri?" akauliza.

"Hakuna," akasema Kifungo.